Hatua ya Kwanza: Funga Mlango

Jumapili, 7 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Usiogope unene wa bahasha, nusu ya barua hii ni malalamiko.

Nimelifungua banda la gari. Tangu tumzike Baba, miaka miwili sasa, hakuna aliyeingia humo ila panya, nao wameishi kitajiri: wamekula kiti cha nyuma, wakazalia ndani ya kilichobaki. Lakini Kobe, gari lenyewe, yuko palepale, kama Baba alivyomwacha. Nimemwaga mafuta ya zamani, nimeweka betri mpya, nimesugua plagi kama ulivyonifundisha nilipokuwa msichana. Mara ya tano likawaka. Nilipiga ukelele, mpaka mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake akaja mbio akidhani nimeungua.

Furaha yenyewe ilidumu dakika moja. Linakohoa, linatetemeka, nikiliacha bila kukanyaga mafuta linazima. Ndipo nikamsikia Mama chumbani kwake: "Hiyo si sauti yake."

Maneno manne, Mjomba. Tangu msiba sijamsikia akisema manne kwa mpigo bila kuulizwa. Unamjua dada yako, lakini huyu niliye naye sasa humjui. Hajavuka geti tangu siku ya maziko. Chakula anakigusa tu, usingizi anausikia kwa wenzake. Daktari alikuja, akaacha vidonge, akaenda zake. Basi nikaona mwanya. Nikamwambia, "Mama, sauti yake ikirudi utapanda nikutembeze?" Akasema, "Ikirudi."

Fundi wa hapa jirani nilimwita. Aliinua kifuniko cha injini kule nyuma, akatazama, akakifunga. "Dada," akasema, "kabureta mbili ni ndoa ya mitala. Weka moja upate amani." Nikamwonyesha geti.

Nisaidie. Nataka kumtoa mama yangu nje kabla hajawa sehemu ya kitanda. Niandikie kila hatua, usiruke hata moja, na ukumbuke unamwandikia fundi cherehani.

Mpwa wako.


Jumatatu, 15 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie huyo fundi wa jirani kwamba mwenye kushindwa na wake wawili asiwalaumu wake.

Umeniomba nisiruke hatua. Mwanangu, umekuja mahali pake. Nimefundisha somo hili miaka thelathini na moja, na daftari langu la somo ninalo hapa mezani. Ninakunakilia kama lilivyo, nikiongeza maneno pale ninapoona inafaa. Ningekuja mwenyewe, ila goti langu limekuwa bwana mkubwa, na binti yangu amenificha viatu.

Kwanza ujue unachokigusa. Injini nyingi hupoozwa kwa maji, kama mtu anayejimwagia ndoo. Hii haina maji. Hupoozwa na feni, kama mtu anayejipepea. Ina silinda nne, mbili kulia na mbili kushoto, na kila upande una kabureta yake. Kazi ya kabureta ni kuchanganya hewa na petroli, basi. Hewa ikizidi, injini inakohoa. Petroli ikizidi, inalewa. Na kwa kuwa kabureta ni mbili, hazina budi kwenda sawa. Wewe unajua mambo ya uzi wa juu na uzi wa chini: ukikaza mmoja na kuusahau wa pili, mshono unakunjamana. Hapa ni vilevile.

Hatua ya kwanza: funga mlango na dirisha. Kazi hii hufanywa kwa sikio, na sikio halipendi upepo wala soga. Kwenye karakana yangu, aliyefungua mlango wakati wa kusikiliza alifagia wiki nzima.

Hatua ya pili: washa injini, uiache ipate moto dakika ishirini. Injini baridi ni mwongo, usiamini inachokuambia.

Hatua ya tatu: fungua fimbo inayoziunganisha kabureta, ili kila moja ijisemee.

Hatua ya nne: kata kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono wako. Ncha moja iweke sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kushoto. Utasikia mluzi wa hewa ikivutwa. Usikilize mpaka uukariri. Hamia kulia. Mluzi wa kulia ukiwa mwembamba kuliko wa kushoto, zungusha skrubu ya mwendo kidogo, kidogo sana, mpaka upande huu useme kama ule.

Hatua ya tano: kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka injini ianze kukwama, kisha ilegeze mpaka ipate pumzi, kisha nusu mzunguko tena. Fanya hivyo upande wa pili. Halafu rudi kwenye mpira, kwa maana kila ukigusa huku, kule kunabadilika.

Usikate tamaa. Mara ya kwanza hutapata. Saa mbili, saa tatu, si nyingi kwa mwanafunzi.

Na dada yangu akitaka kusikiliza, mpe kiti akae karibu. Ana sikio kuliko sisi sote. Mwambie mziwanda wake, yaani mimi, anamwamkia.

Mjomba wako.


Alhamisi, 25 Juni

Mjomba wangu, mwalimu wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo!

Barua yako ilifika Jumatatu. Jana mchana nikafunga duka mapema, nikabandika hatua zako ukutani kwa sindano, nikafunga mlango wa banda. Nikakaa na mpira wangu sikioni kama daktari. Nimeusikia huo mluzi! Wa kushoto mnene, wa kulia kama kitoto kinachoiga. Nikazungusha, nikasikiliza, nikazungusha.

Sasa sikia hili. Mlango ukasukumwa. Mama, na kigoda chake mkononi. Akaurudisha mlango nyuma yake akauegemeza vizuri, akaketi karibu na gurudumu, akafumba macho. Tukakaa hivyo yapata saa nzima, mimi na yeye na injini. Niliogopa hata kukohoa nisije nikamfukuza.

Upande wa kushoto nadhani nimeupata. Wa kulia bado unanichezea. Niliacha kwa sababu kichwa kiliniuma vibaya na moyo ukanichafuka. Mtu aliyezoea kuinamia cherehani akiinamia injini mgongo unagoma, ndiyo hiyo. Mama naye alisema kichwa chake kizito. Lakini usiku ule alilala, Mjomba! Alilala mpaka jua likapanda, nikaenda mara mbili kuweka kiganja puani pake nione kama anapumua. Asubuhi akaniuliza, "Utaliwasha tena lini?"

Nitalimaliza Jumamosi ya tarehe 4 Julai, kwa kuwa kabla ya hapo nina sare za shule mlima mzima. Siku hiyo nitaanza mapema, nitalipa siku nzima. Tatizo ni mashine ya kusaga ya jirani, Jumamosi hainyamazi, na mlango wetu wa mbao una nyufa za kupitisha paka. Nimekwisha kukusanya matambara ya dukani. Nitaziba nyufa zote, na blanketi chini ya mlango. Humo ndani patakuwa kimya kama chumba cha mtihani. Mama amesema safari hii atakaa ndani ya gari lenyewe, kwenye kiti chake cha mbele.

Umetufufua.

Mpwa wako.


TELEGRAMU
Jumamosi, 4 Julai, saa nne asubuhi

ZIMA GARI. FUNGUA MLANGO. MTOE DADA. MOSHI UNAUA. JIBU SASA HIVI.
MJOMBA


Jumamosi, 4 Julai, mchana

Mpwa wangu,

Ninaandika kwa sababu karani wa posta amekataa nikae pale kwenye benchi lake nikimtazama. Sijui kama upo wa kuisoma barua hii. Barua yako imefika leo, saa tatu na nusu asubuhi. Leo. Nimeisoma nimesimama mlangoni, nikafika kwenye maneno "kichwa kiliniuma vibaya". Nikatoka na ndala za binti yangu. Goti sikulikumbuka.

Nieleze. Kueleza ndiko ninakokujua, na tazama kulikotufikisha.

Injini ikiwaka hutoa hewa yenye sumu. Haina rangi, haina harufu yake yenyewe. Moshi unaounusa ni mwenzake tu, yenyewe huinusi. Ukiivuta, inakaa ndani ya damu mahali pa hewa safi. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi mtamu unakuja, na mwenye kulala hajui kwamba halali. Petroli ikizidi kwenye mchanganyiko, sumu inazidi. Na mimi nimekufundisha kulegeza skrubu ya mchanganyiko ndani ya chumba nilichokuamuru ukifunge.

Utauliza: Mjomba, miaka thelathini na moja, mbona wanafunzi wako hawakufa?

Nimekaa hapa nikajiuliza hivyo hivyo, mpaka nikaiona karakana yangu machoni. Ukutani, chini, nyuma ya mahali pa kuegesha gari, palikuwa na tundu. Ndani ya tundu mna bomba pana la mpira. Mlinzi wa karakana, kila gari lilipoingia, alilichomeka bomba lile kwenye ekzosi kabla mimi sijavaa koti langu la kazi. Moshi wote ukaenda nje. Waliojenga jengo lile waliliweka tundu kabla sijaajiriwa. Sikuwahi kulichimba, sikuwahi kulichomeka, sikuwahi kulitaja. Nimelifungua daftari langu sasa hivi, kurasa themanini na sita. Nimeandika hata namna ya kufuta bisibisi. Tundu halimo.

Uliniomba nisiruke hatua, nami nikajigamba.

Na mimi ndiye niliyesema dada yangu apewe kiti.

Nimemtuma mjukuu akakae posta asubiri jibu. Kila mlango ukilia ninasimama. Mpwa wangu, niandikie neno moja. Hata la matusi.

Mjomba.


TELEGRAMU
Jumamosi, 4 Julai, saa kumi jioni

TUKO HAI WOTE WAWILI. BARUA INAKUJA.
MPWA


Jumatatu, 6 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako bado haijafika, nina telegramu tu, lakini daktari amenieleza yaliyobaki. Kwa hiyo nianze na neno uliloomba au usiloomba: nimekukasirikia. Nimekukasirikia mpaka nimepasua kikombe. Nilibandika maneno yako ukutani kwa sindano! Haya, limekwisha. Ilikuwa lazima niliseme, la sivyo lingenioza moyoni.

Tulianza saa tatu asubuhi. Nyufa niliziziba zote, mimi na ufundi wangu, hata mwanga ulikuwa haupiti. Mama ndani ya gari, kiti cha mbele, khanga mabegani. Injini ikapata moto. Nakumbuka nilihamisha mpira kulia. Nakumbuka nilifikiri, mbona mluzi unatoka mbali. Basi. Kumbukumbu inayofuata ni mawe ya barabarani mgongoni mwangu na sura ya Mama juu yangu ikiniita jina nililoitwa nikiwa mchanga.

Alinitoa yeye. Mwanamke wa miaka sitini na nane, ambaye hata sahani ya chakula ilikuwa ikimshinda kuinua! Alizima gari, akang'oa matambara, akanishika makwapani akaniburuta hadi nje ya geti, hadi barabarani, akapiga kelele mpaka mwenye mashine ya kusaga akaizima. Nilikuwa naye palepale vumbini, natapika, wakati mtu wa posta alipofika na baiskeli na karatasi yako. Mama akaisoma kwa sauti. Akaisoma tena. Mtu wa posta akauliza, "Kuna jibu?" Mama akamkodolea macho kama vile amemuuliza kwa lugha ya ndege.

Nilimuuliza aliwezaje kuamka yeye nisiamke mimi. Anasema Mungu alimgusa bega. Daktari anasema labda ndani ya gari, na vioo vimepandishwa, sumu ilichelewa kumfikia. Vyovyote iwavyo, Mjomba, mama yangu amerudi. Hanitoki machoni. Nikienda jikoni yumo, nikienda dukani amekwisha vaa viatu, jana tulifika hadi sokoni na alimgombeza muuza vitunguu. Usijitese. Nadhani mshtuko umemponya.

Kobe amelala. Nikilimaliza, nitalimalizia uani.

Mpwa wako.


Jumanne, 7 Julai

Mziwanda,

Ninaandika mtoto akiwa kwenye cherehani, kanipa mgongo. Kanyagio likinyamaza nitaificha karatasi hii chini ya khanga.

Barua yako ya Jumamosi imefika leo, uliipa basi la haraka. Ameisoma, amelia, amenipa nisome. Umeandika mambo mengi juu ya tundu. Nataka uache.

Amekuandikia kwamba nimepona na kwamba Mungu alinigusa bega. La kwanza si kweli, na la pili nililisema mimi, nitaliungamia kwake Yeye mwenyewe.

Mimi nilijua.

Nimeishi na shemeji yako miaka arobaini. Kila alipowasha gari lile alifungua mlango wa banda kwa mguu kabla hata ya kugusa ufunguo, na siku tuliyohamia hapa alinishika mkono akaniambia, "Ukiona nimelala humo na mlango umefungwa, usije kuniamsha, fungua mlango kwanza." Hilo nililijua kabla wewe hujawa mwalimu wa mtu. Siku ile ya kwanza nilimwona mtoto dirishani akiufunga mlango. Nikachukua kigoda changu nikaingia. Na nyuma yangu nikaurudisha.

Sikusema moyoni kwamba nataka kufa. Nilisema nataka kulala. Usiku ule nililala kwa mara ya kwanza, nikaamka nikakasirika kwamba nimeamka. Nikamuuliza atawasha lini. Nikahesabu siku, Mziwanda. Nilimsaidia kukusanya matambara.

Na yeye sikumfikiria. Hapo ndipo panaponikaba. Alikuwa mbele yangu, anapumua nilichokuwa nakitaka mimi, na katika siku zile kumi halikunijia hata mara moja kwamba mapafu yake na yangu ni ya aina moja. Nilikuwa nimefumba macho ndani ya gari. Nikasikia spana imeanguka sakafuni. Unamjua, tangu mdogo akiangusha kitu lazima akitukane. "Mjinga wewe!" anakiambia, hata kama ni kijiko. Nikasubiri aitukane spana. Nikasubiri. Nikafumbua macho, nikamwona amepiga magoti, paji la uso juu ya bodi, kama anayesali.

Sijui nilivyofika.

Sasa ninamfuata kila mahali, naye anadhani nimepona. Namfuata kwa sababu nikikaa peke yangu najiona nikikusanya yale matambara. Usimwambie. Nimekuandikia wewe ili uache kulibeba kosa lisilo lako peke yako.

Dada yako.


Jumanne, 14 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi la mchana, aikabidhi mkononi mwako kesho; posta nimekosana nayo. Barua yako ilikaa siku saba ndani ya gunia, na siku hizo saba mimi nilikuwa hapa nikinywa chai, nikimwambia binti yangu, "Afadhali dada yangu kapona."

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea mwandiko wa mtu.

Kabla hujaendelea, ufunguo wa gari uko wapi? Kama uko kwako, simama sasa hivi umpe mtoto. Na vile vidonge vya daktari, vyote. Huna haja ya kueleza. Mwambie kaka yako mdogo ameagiza. Kisha rudi umalizie kusoma.

Umeniandikia ili kunipunguzia mzigo. Hujanipunguzia. Kosa langu liko palepale. Nimekwisha waandikia wanafunzi wangu wote ambao anwani zao ninazo, na waliobaki nawatafuta. La kwako ni la kwako, sitakuambia kwamba si kitu. Ulimsahau mtoto wako siku kumi. Ukamkumbuka kwa spana. Yote mawili ni kweli, nami sina daftari linalosema lipi ni kubwa.

Umesema nisimwambie. Sitamwambia. Lakini akiniuliza sitamdanganya, na yule ni mtoto wa kuuliza. Anadhani mshtuko ni dawa. Kesho ukiacha kumfuata sokoni atadhani umechoka tu, atakuacha upumzike, atakufungia mlango taratibu ili usisumbuliwe. Unaona hatari yake? Atakuchungaje, kama hajui anakuchunga dhidi ya nini? Daktari naye lazima ajue, si yule wa kuacha vidonge na kwenda. Nimeulizia, yupo wa kazi hiyo hiyo ya watu wasiolala, hospitali kubwa, siku za Ijumaa. Tutakwenda watatu.

Atakasirika. Mimi alinipasulia kikombe. Wewe atakupasulia seti nzima, nawe ukae palepale mpaka amalize. Ni bora asikie kinywani mwako kabla mimi sijafika.

Ninafika Alhamisi jioni. Habari za goti usiniulize. Nitakaa mpaka utakaponichoka, na ukinichoka nitaongeza wiki. Kila asubuhi nitagonga mlango wako nikuulize umeamkaje. Dada, tangu tuko wadogo tumefundishwa kujibu "salama" hata paa likiwaka moto. Mimi usinijibu hivyo. Niambie ulivyoamka, hata kama ni vibaya, hata kama ni vibaya kuliko jana, hata kama itachukua mpaka adhuhuri. Nitakuwa nimekuja na kiti changu.

Mdogo wako.